Mathe alificha sahani mbili za jirani: historia ya mahamri ya Krismasi

Kila Desemba, ikifika tarehe 20 hivi, naanza kuona zile komenti. "Krismasi ni mambo ya Wazungu." "Hizo keki mnapika ni ukoloni mtupu." Chini yake mwingine anajibu kwa herufi kubwa kwamba mahamri ni utamaduni wetu tangu jadi, aheshimu mababu. Mimi husoma zote nikicheka, juu hao wawili wamekosea kosa moja. Wote wanaangalia chakula. Hakuna anayeangalia sahani.

Wacha nieleze, na leo itakuwa ndefu kidogo. Kampasi nilikuwa nasomea ualimu, Historia na Kiswahili, kabla karo haijakataa. Kwa hivyo chukulia hii ni ile insha sikuwahi kuwasilisha.

Natoka Miasenyi. Kama hupajui sikulaumu. Ni pale kati ya Maungu na Mackinnon Road, barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, mahali basi lako la usiku hupita ukiwa umelala mdomo wazi. Tuna stesheni ya SGR, lakini inayosimama ni treni ya kaunti pekee. Ile ya haraka hutupita kama haituoni. Huku Tsavo, huku marenchi, katikati sisi: Wataita, Waduruma, Wakamba, Wasomali wenye mifugo, na watu walioletwa na kazi wakasahau kuondoka. Kwetu ukitoka mlangoni, kulia ni mama mmoja Mwislamu, mjane. Nitamwita mama jirani tu, juu hajanipa ruhusa ya kumtaja. Kushoto ni familia ya Wakamba wa kanisa la kiroho, ambao wanaamini sisi Waanglikana tunaimba kama tumechoka. Krismasi wote wawili hupata sahani kutoka kwetu.

Tarehe 24 usiku kwetu hakuna kulala. Mathe anakanda. Mimi tangu nikiwa na miaka saba kazi yangu ni kukaa juu ya mbuzi (wa Nairobi tulieni, ni kile kibao cha kukunia nazi) na kukuna hadi vidole viwe vyeupe. Tui zito linaingia kwenye unga pamoja na sukari, hamira na iliki iliyotwangwa. Dada yangu anafunika beseni kwa leso, tunalisogeza karibu na jiko liumuke, na hapo ndipo tunaanza keki. Oveni hatuna. Sufuria kubwa inawekwa mchanga chini, sufuria ndogo yenye rojo inaingia ndani yake, mfuniko juu, halafu makaa juu ya mfuniko. Moto chini, moto juu. Baba ndiye mkubwa wa makaa na hakuna mtu anaruhusiwa kufunua kabla hajasema. Kuna mwaka alisinzia na keki ikatoka nyeusi kama tairi. Tuliipaka sukari ya unga juu tukaipeleka hivyo hivyo kwa wale wa kushoto. Mungu atusamehe.

Saa kumi alfajiri karai linawekwa motoni. Mathe anasukuma, anakata pembe tatu, dada anatumbukiza, zinafura zikigeuka zenyewe. Jua likichomoza sahani zimepangwa mezani, kila moja na kitambaa chake, na watoto wa mtaa mzima wako njiani wakipishana, mmoja ana chapati, mwingine vitumbua, mwingine pilau imefunikwa na sahani nyingine. Mathe anahesabu kichwani: ngapi zimetoka, za nani, zimeenda wapi. Hesabu hiyo hajawahi kuikosea.

Sasa tuangalie kilichoko kwenye hilo karai.

Anza na majina yenyewe. Mahamri yanatoka kwa hamira, na hamira ni Kiarabu. Iliki imevuka bahari kutoka upande wa India, kitu na jina lake. Sukari, Kiarabu tena. Karai ni la Wahindi, wao husema karahi. Keki tunajua ilitoka wapi. Maandazi angalau ni ya nyumbani, yanatoka kwa kuandaa. Na jirani? Hili ndilo lilinimaliza nikiwa darasani. Kwa Kiarabu mtu mmoja wa karibu nawe ni jar, wakiwa wengi ndio jiran. Sisi tulichukua ule wingi tukaufanya neno la mtu mmoja. Yaani kwa Kiswahili hata ukiwa na jirani mmoja tu, neno lenyewe linakuhesabia wengi.

Halafu kuna reli, na hapa Miasenyi reli ndio kila kitu. Waingereza walianza kuijenga kutoka Mombasa mwaka 1896, na wakati huo hili eneo letu lilikuwa ni nyika ya Taru, miiba na kiu, mahali misafara ilikuwa inahesabu hatua kati ya maji ya Taru na maji ya Maungu. Mwaka 1898 walikuwa mto Tsavo wakiliwa na simba. Mwishoni mwa 1901 reli ilifika ziwani, Kisumu. Waliletwa wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India, wengi wa Punjab. Karibu 2,500 walikufa kazini na karibu 6,700 walibaki. Hao walikuwa watu wa chapati. Si kwamba Pwani haikujua mkate, wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa Mombasa na Zanzibar zamani sana. Lakini huku bara, chapati ilipanda na reli, kambi baada ya kambi. Leo ukimwambia Mkenya Krismasi bila chapati, ni kama umemtukania familia.

Ukitaka kuona hiyo historia kwa macho, nenda Mackinnon Road, pale msikitini kando ya reli. (Kama Mackinnon Road ni ya Kwale au ya Taita Taveta, mimi siingii. Wakubwa wamebishana miaka na miaka.) Pale amezikwa Seyyid Baghali Shah, mtu wa Punjab aliyekuwa msimamizi kwenye ujenzi wa reli. Hadithi wanayosimulia ni kwamba wenzake walipokuwa wanabeba mchanga na kokoto kwa karai kichwani, karai lake lilikuwa linaelea, haligusi kichwa chake. Madereva wa malori husimama hapo hadi leo, Waislamu kwa Wakristo, wanaomba safari njema, wanaacha chochote, wanaendelea. Kila nikipita naliwaza hilo karai. Chombo kile kile cha kubebea kokoto ndicho mathe anakaangia mahamri.

Ngano nayo ina mambo yake. Lord Delamere aliilima Njoro mwanzoni mwa miaka ya 1900, ikapigwa na kutu, akalazimika kutafuta mbegu inayoweza kuvumilia, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga iitwayo Unga Limited. Naam, neno letu la unga likawa jina la kampuni ya mlowezi. Hiyo ni ngano iliyolimwa kwenye ardhi iliyochukuliwa, kwa hivyo yule wa komenti za ukoloni hakosei kabisa, nampa nusu. Ila hata leo Kenya hailimi ngano ya kujitosheleza. Kubwa inaingia bandarini Mombasa kutoka nchi kama Urusi, Ukraine na Argentina. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Na Krismasi yenyewe? Mmishonari wa kwanza kufika huku kwetu ni Johannes Rebmann, Mjerumani wa CMS, alifika Kasigau Oktoba 1847, akitembea na mwavuli. Alikuwa anatoka Württemberg, sehemu ambayo watu wanaoka biskuti za Krismasi kwa ukali kama mitihani. Hakutuachia hata moja. Aliendelea, mwaka uliofuata akaona theluji ya Kilimanjaro na wasomi wa Ulaya wakamcheka. Misheni ya kukaa ilikuja 1883 pale Sagalla, chini ya mtu anaitwa J. A. Wray. Lakini CMS ilikuwa na makao yake Rabai na Frere Town, mahali walikoishi Waafrika waliookolewa kutoka utumwani, watu waliokuwa wakisema Kiswahili na kula kama watu wa Pwani. Kwa hivyo naamini hiyo sikukuu haikutufikia na ladha ya Ulaya. Ilipitia Pwani kwanza, ikanuka nazi.

Kwenye familia yangu nazi ilikuja kwa njia mbaya. Nyanya yangu mzaa mama ni wa Kasigau. Mwaka 1915, wakati wa vita vya kwanza, Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kwamba wanawasaidia Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya mpaka, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Watu wa mlimani wakatupwa ufuoni kwenye joto na magonjwa. Wengi hawakurudi. Waliobaki waliruhusiwa kurudi miaka ya 1930, na wakati huo kulikuwa na watu wazima waliozaliwa Malindi ambao hawajawahi kuuona mlima wao. Nyanya husema baba yake alirudi na vitu viwili, jembe na mbuzi ya kukunia nazi. Ndiyo hiyo hiyo mimi huikalia. Imebadilishwa kibao na imebadilishwa chuma, kwa hivyo ukitaka ubishi wa falsafa kama bado ni ile ile, karibu kwenye komenti. Kwetu ni ile ile.

Kwa hivyo ukiniuliza, kwenye hilo sinia la Krismasi kipi ni chetu? Ngano ya mlowezi, karai la mfungwa wa mkataba, hamira ya Mwarabu, nazi ya uhamishoni, sikukuu ya misheni. Hakuna hata kimoja kilichoanzia hapa. Chetu ni kutoka mlangoni nacho kimefunikwa. Wazee wetu walifanya hivyo na kimanga kabla hawajajua ngano, na walikuwa na sababu. Hii nchi ni kavu. Njaa ya 1884 iliwamaliza watu Taita hadi leo inasimuliwa. Mahali mvua inanyesha kwa jirani na kwako inapita, chakula unachompelekea mwenzako ni kama akiba umeweka kwake.

Na Pwani walikuwa na lao la kupelekeana futari wakati wa Ramadhani. Mambo hayo mawili yalipokutana hapa barabarani, yakaelewana bila mkutano wowote. Mama jirani hutuletea Ramadhani na Idd, sisi tunampelekea Krismasi na Pasaka. Na kuna adabu zake ambazo hazijaandikwa popote. Kuku wa Krismasi kwetu huchinjwa na kijana wa mama jirani, ili nyama ikitoka iweze kuliwa na kila mtu. Mafuta ya mahamri ni mapya, hayajakaangia kitu kingine. Mtu asiyetaka kula kwa sababu ya imani yake haulizwi, sahani inapokewa kwa heshima na kupewa watoto. Na kubwa kuliko zote: sahani hairudi tupu. Hata kama ni limau moja, hata kama ni kiganja cha mbaazi, unaweka kitu.

Hapo ndipo ile Krismasi ya 2022 ilitunasa.

Kama mlikuwa na akili mwaka huo mnakumbuka. Mvua zilikuwa zimekosa msimu baada ya msimu, ndovu wanakufa Tsavo kwa kukosa maji, mizoga ya ng'ombe kando ya barabara. Halafu Februari Urusi ikavamia Ukraine, na ile ngano niliyosema inaingia bandarini ikapanda bei. Mafuta ya kupikia yakapanda. Mimi nikarudi nyumbani mwezi wa tisa na begi moja, mwaka wa pili haujaisha, baba ashauza mbuzi wote (wa miguu minne hawa) kulipia muhula ambao sikuumaliza. Sitaki huruma, nataka tu mwelewe hali ilikuwa gani.

Idd kubwa ya Julai mama jirani alikuwa ametuletea pilau na nyama, sahani mbili za udongo, zile zake nzuri za maua ya bluu. Zikakaa. Agosti zikakaa. Mathe alikuwa anasubiri apate cha kuweka juu yake. Nilipofika Septemba nilizikuta juu ya kabati, zimegeuzwa uso chini, zimefunikwa na gazeti. Nikauliza, nikaambiwa niachane nazo. Mathe alianza kupitia nyuma ya nyumba akienda kuteka maji. Miaka kumi na tano wanaongea kila asubuhi kwenye ua, sasa anampiga chenga mtu kwa sababu ya sahani. Baba akasema mrudishie tu, yeye ataelewa. Mathe hakumjibu. Mimi wakati huo nilikuwa najua kwamba zile sahani ni mimi. Mbuzi wameuzwa kwa ajili yangu, cha kuweka juu yake kimeliwa na karo yangu. Sikusema pia.

Tarehe 23 Desemba jioni hodi ikabishwa mlango wa nyuma. Ule wa nyuma! Mama jirani amesimama hapo na mtoto, mtoto amebeba kikapu.

"Mama, mwanitoroka?" akasema.

Mathe akaanza, "La dada, ni kazi tu..."

"Haya. Mimi nina wageni kutoka Mombasa kesho kutwa, na mkono wangu huu hauwezi kukanda, waniuma tangu wiki jana. Nikandie. Unga huu, nazi hizi, mafuta haya. Nataka mahamri ya mkono wako, yangu yatoka magumu wewe wajua."

Pakiti tatu za kilo mbili. Nazi sita. Mafuta lita tatu. Nani ana wageni wa kula kilo sita za unga? Mathe akaangalia kikapu, akamwangalia, akasema hayo mengi. Mama jirani akasema kitakachobaki kitakuwa ujira wa mkandaji, na kwamba hajawahi kusikia mkandaji akirudisha unga. Halafu akaongeza akiwa ameshageuka kuondoka: "Na uniwekee kwenye sahani zangu zile. Wageni wangu ni watu wa maringo."

Tulikesha. Mimi kwenye mbuzi, dada na leso, baba na makaa, juu mathe aliamua keki nayo lazima iwepo, mayai tukakopa dukani. Asubuhi ya Krismasi nilizipeleka zile sahani mbili mwenyewe, zimejaa hadi zinamwagika, na beseni jingine juu. Niliangalia ndani nikiweka mezani. Kulikuwa na yeye na mtoto wake wa mwisho wanakunywa chai. Mgeni hata mmoja hakuwepo. Mkono wake ulikuwa unamenya chungwa vizuri kabisa.

Sikumwambia mathe kwa miezi miwili. Nilipomwambia akasema, "Kwani wewe ulidhani mimi sijui?"

Ndio maana Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipokuja na pendekezo la VAT ya asilimia 16 kwa mkate, watu wazima wakashangaa kwa nini vijana wamewaka hivyo kwa ajili ya mkate, mimi sikushangaa. Serikali iliondoa hilo la mkate tarehe 18, na mswada wote ukatupwa tarehe 26, siku moja baada ya ile siku ambayo kuna wenzetu hawakurudi nyumbani. Mkate kwa mtu wa Nairobi labda ni kiamshakinywa. Kwetu unga wa ngano ukipanda shilingi thelathini, kuna sahani mahali inageuzwa uso chini na kufunikwa na gazeti, na mama wawili wanaacha kuongea bila kugombana.

Kwa hivyo ukiniambia Krismasi yangu ni ya Wazungu, sawa, beba na hilo. Lakini niambie pia ni Mzungu gani alimfundisha mama jirani kudanganya kuhusu mkono wake.

Saa hii naandika ni tarehe 22. Nimeteremka jana na treni ya kaunti, nimebeba kilo nne za unga na iliki ya Mombasa, pesa ya video zangu hiyo, si nyingi lakini ipo. Nimeangalia juu ya kabati. Kuna sahani moja ya maua ya bluu, sufuria ndogo ya wale wa kushoto, na chupa ya chai ambayo hata mathe hakumbuki ni ya nani, na hiyo ndiyo inamnyima usingizi. Zetu zilizoko nje anasema ni nne. Nazi bado sijazikuna, na naitwa.